Chuo Bora cha Udaktari Kiko Umbali Gani na Laini Saba?

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakishatoka, saiba ninayofanyia kazi Kawangware hujaa watoto wanaotaka kuwa madaktari. Si wote wana alama za kuwafikisha huko. Lakini mwenye A utamjua hata kabla hajafungua mdomo, kwa sababu huja na mzazi, na mzazi huwa amevaa nguo za kanisani siku ya Jumanne. Mzazi ndiye huuliza. "Kijana, hebu angalia hapo kwa kompyuta. Chuo kipi ndicho bora cha udaktari?"

Mimi hulipwa kujaza fomu za KUCCPS na kuchapisha karatasi. Swali hilo haliko kwenye bei iliyobandikwa ukutani, ila siwezi kulikwepa, maana mzazi huwa ameshavuta stuli na kuketi.

Intaneti ina jibu la haraka, nalo huja kwa orodha. Harvard, iliyoanza kufundisha udaktari mwaka 1782, huwa kileleni au karibu na kilele. Oxford, Stanford na Johns Hopkins haziko mbali. Katika Afrika, Cape Town hutangulia. Nairobi na Makerere unazitafuta ukiteremka, na baba mmoja wa Gatina aliwahi kuniambia nisiendelee kuteremka, mtoto asije akavunjika moyo bure.

Nimezisoma hizo orodha mara nyingi, saa zile umeme umerudi na wateja hawajarudi, kwa hivyo najua zinavyopikwa. Ile ya QS, kwa mfano, huwauliza wasomi wa dunia wanakiheshimu chuo gani. Huwauliza waajiri wanapenda waliotoka wapi. Kisha huhesabu tafiti za chuo zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine. Hayo si mambo ya kudharau, kwa sababu dawa tunazomeza zilitoka kwenye tafiti za watu. Lakini hakuna safu inayosema mhitimu alienda kufanya kazi wapi, wala kama anaweza kuongea na mgonjwa wa Kawangware wakaelewana. Hata walio juu wameanza kuzichoka. Januari 2023, shule ya udaktari ya Harvard ilitangaza kwamba haitawapa tena takwimu zake US News & World Report, gazeti ambalo orodha yake Wamarekani wanaitazama kama sisi tunavyotazama majedwali ya ligi. Shule nyingine kubwa zikafuata.

Basi mzazi akiniuliza, ningeweza kumsomea orodha na kuchukua doo yangu. Shida ni kwamba mwaka 2024 swali hilo liliingia nyumbani kwetu, na hapo halikuwa la kusomewa.

Mdogo wangu alifanya KCSE mwaka 2023. Matokeo yalipotoka Januari, alikuwa na A. Mathe, ambaye huuza chapati na madondo Laini Saba, Kibera, alifunga kazi saa nne asubuhi, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya hata siku ya uchaguzi. Majirani walikuja na soda. Jioni, watu walipoondoka, tukabaki watatu kwenye keja na ile fomu. Nafasi ya kwanza unaandika 1a, halafu 1b, halafu 1c. Udaktari ulikuwa hauna mjadala. Mjadala ulikuwa uandike chuo gani pale kwenye 1a.

Mathe alikuwa na jibu tayari. "Nairobi. Si iko hapo tu? Utalala nyumbani, utakula chapati, nauli hakuna."

Alikuwa anasema kweli tupu. Kutoka kwake unavuka Mbagathi Way, unapita kando ya Kenyatta Market kwenye moshi wa nyama choma na akina dada wa kusuka wanaokuita hata kama umenyoa kipara, unapanda kidogo, na hiyo hapo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ndani ya uwanja huohuo ndiko wanakosomea wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sisi tulikua tukiwaona, makoti meupe yamekunjwa mkononi, wakinunua mayai na smokie kwa mtu yuleyule tunayenunua kwake.

Hospitali yenyewe ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, hospitali ya "wenyeji" kama wakoloni walivyotuita. Mwaka 1952 ikapewa jina la Mfalme George VI, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Shule ya udaktari ilianza mwaka 1967. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alipanda gari la moshi kwenda Kampala, Makerere.

Nikamwuliza mdogo wangu kinachoifanya Nairobi iwe Nairobi ni nini. Akasema wagonjwa. Kwa sababu Kenyatta ni hospitali ya rufaa, kila ugonjwa ulioshindikana mahali pengine huishia pale. Mwanafunzi wa pale anaweza kuona katika mwezi mmoja vitu ambavyo mwenzake wa Ulaya atavisoma kitabuni maisha yake yote. Na wengi wa wagonjwa hao hawaji kutoka mbali. Wanatoka Kibera, Kawangware, Mukuru, Mathare.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona ile orodha ya kwenye kompyuta kwa jicho lingine. Chukua mfano mmoja. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wa Majengo, Pumwani, waliokuwa wakiuza ngono. Wakagundua kwamba baadhi yao hawakuambukizwa HIV, ingawa walikuwa hatarini kila siku kwa miaka. Wanasayansi wa dunia nzima wakataka kujua miili yao ina nini. Tafiti zikaandikwa, zikanukuliwa, majina ya vyuo yakapanda. Kwa hivyo zile nukuu zinazohesabiwa kwenye orodha, nyingine zilianza kwa damu iliyotolewa mkononi mwa mwanamke wa Majengo, si mbali sana na Gikomba. Sisi wa mtaani tumo kwenye hizo namba, ila majina yetu hayako.

Mathe anajua hilo kuliko sisi wote, kwa sababu yeye amewahi kuwa kitabu.

Miaka michache kabla ya hapo alilazwa katika hospitali moja ya kufundishia, si lazima niitaje. Ana kisukari, na alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Kila asubuhi kundi la makoti meupe lilikuja kusimama miguuni mwa kitanda. Mkubwa wao alifunua shuka, akaelekeza kalamu kwenye kidonda, akauliza maswali kwa Kiingereza, vijana wakajibu kwa Kiingereza, shuka ikarudishwa, wakahamia kitanda cha pili. Wiki nzima. Mathe alisema alijihisi kama ramani ukutani. Alisikia neno "amputation" na hakulijua, lakini aliona jinsi mwanafunzi mmoja alivyoangalia chini.

Huyo mwanafunzi, msichana, alirudi jioni peke yake. Alivuta kiti. Akamwuliza kwa Kiswahili, "Mama, unafanya kazi gani? Unaifanya ukiwa umesimama ama umekaa? Unavaa viatu gani?" Ikajulikana kwamba mathe hukaanga chapati kuanzia saa kumi alfajiri, amevaa sandozi za plastiki, jiko liko chini karibu na mguu. Kisukari kilikuwa kimemmaliza hisia za unyayo. Makaa yalikuwa yakimruka na kumchoma, naye hasikii. Kila kidonda kilipoanza kukauka, alirudi palepale kando ya jiko kikachomeka upya. Dawa zote za wodi haziwezi kushinda jiko.

Mguu haukukatwa. Leo jiko liko juu ya meza ya vyuma na mathe anavaa viatu vya kufunika. Yule msichana alisoma chuo gani? Mathe hakumwuliza, na mimi nilipofika wodini alikuwa ameshahamishwa kitengo. Kuna wakati ninapojaza fomu ya mtoto wa mtu natamani kujua, ili niandike hicho chuo kwenye 1a za wote.

Nilipomwambia mdogo wangu hivyo, alicheka. "Bro, pengine hakuna chuo. Pengine ni yeye tu na mamake anauza chapati."

Lakini nadhani vyuo vinachangia. Ukifuatilia historia utaona kwamba namna ya kumfundisha daktari ni kitu kilichoamuliwa na watu, na kila uamuzi ulimfungulia mtu mlango na kumfungia mwingine.

Mmoja wa walioamua alikuwa Abraham Flexner, Mmarekani ambaye hata daktari hakuwa, alikuwa mwalimu. Alitumwa na Wakfu wa Carnegie kuzizungukia shule za udaktari 155 za Marekani na Canada, na ripoti yake ikatoka mwaka 1910. Nyingi zilikuwa ovyo kweli: hakuna maabara, hakuna wagonjwa, ada tu. Mfano wake wa shule bora ulikuwa Johns Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1893, ambako William Osler alikuwa amewatoa wanafunzi kwenye ukumbi wa mihadhara na kuwapeleka kando ya kitanda cha mgonjwa. Yale makoti meupe yaliyosimama miguuni mwa mathe, asili yake ni pale. Baada ya ripoti ya Flexner shule mbovu zilifungwa, na afya ya Wamarekani ilinufaika. Ila kati ya shule 7 za Wamarekani Weusi, 5 zilifungwa, na Flexner mwenyewe aliandika kwamba daktari Mweusi afundishwe usafi zaidi kuliko upasuaji. Zilizosalia ni Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Hizo mbili ziweke akilini, tutazirudia.

Huku kwetu mkoloni alikuwa na mawazo ya aina hiyohiyo. Makerere ilianza kufundisha utabibu mwaka 1924 pale Mulago, na wahitimu wake wa kwanza waliajiriwa kama wasaidizi, chini ya daktari Mzungu. Hata hivyo chuo kilikua mpaka kikawa jina kubwa duniani. Mwaka 1958, daktari wa upasuaji wa Mulago aitwaye Denis Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto, saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kinachonivutia ni alichofanya baadaye. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu na kusafiri maili 10,000, hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza swali moja: huku kwenu mnauona uvimbe huu? Wakapata ramani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua, ukakwepa nyanda za juu. Wodini Mulago angeweza kukaa miaka 20 na asilione hilo.

Mdogo wangu alipenda sana hadithi hiyo, na nafikiri ndipo jicho lake lilipohamia Eldoret.

Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, na kiliamua kutofanya kama Nairobi. Waliazima mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, mwaka 1969. Badala ya mhadhara, wanafunzi wachache wanakaa mezani na kupewa kisa: mtoto wa miaka mitatu, anaharisha tangu juzi, nyumbani wanachota maji ya mto. Hawajaambiwa ugonjwa wala dawa. Wanajadili, wanagawana maswali, wanaenda maktaba, wanarudi na majibu. Pamoja na hayo kuna programu wanayoiita COBES, ya kujifunza na kuhudumu ndani ya jamii. Wanafunzi wanatolewa chuoni na kupelekwa vituo vya afya vya mashambani na vya miji midogo, wanakaa huko wiki kadhaa, wanahesabu vyoo, wanapima maji, wanauliza watu maisha yao. Haianzi mwaka wa mwisho kama zawadi. Inaanza mapema, kabla mtu hajazoea koti. Nairobi nako wanafunzi hutoka kwenda mashinani, ila Moi ilijengwa tangu msingi juu ya wazo hilo. Ushirikiano wake na Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, ndio uliozaa AMPATH mwaka 2001, wakati UKIMWI ulikuwa ukifagia vijiji vya magharibi.

"Kenyatta nitauona ugonjwa ukishafika," mdogo wangu akamwambia mathe. "Nataka niuone kabla haujapanda matatu."

Mathe akamwangalia. "Na huku Kibera hakuna ugonjwa ambao haujapanda matatu?"

Hilo lilituziba mdomo. Kwa sababu Kibera imewafundisha watu wengi bila kuwa na chuo. Mwaka 2000, muuguzi mjane aitwaye Tabitha Atieno Festo alipewa dola 26 na Rye Barcott, mwanafunzi Mmarekani aliyekuwa akiishi Kibera. Akaanza biashara ya mboga, na faida yake akaitumia kufungua kliniki chumbani mwake. Alifariki mwaka 2004, lakini Tabitha Clinic ipo mpaka leo. Hapo ndipo KEMRI na CDC ya Marekani walipoweka kituo cha kufuatilia magonjwa ya watu wa Soweto na Gatwekera, nyumba kwa nyumba, na utafiti wao ukaonyesha kwamba taifodi ilikuwa juu zaidi Kibera kuliko kule mashambani Nyanza walikolinganisha nako. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walikaa Kibera kwa miaka 20, tangu 1997 hadi 2017 walipowaachia kaunti vituo vyao.

Na tukisema ukweli, anayetutibu siku za kawaida si daktari wa MBChB. Ni muuguzi, ama ni tabibu wa KMTC, ambaye mtaani tunamwita daktari na haoni haja ya kutusahihisha. KMTC ilianza mwaka 1927, na makao yake makuu yako palepale kando ya Kenyatta. Haimo kwenye orodha kama ile ya QS. Lakini ni tabibu wa kliniki ya mtaani aliyemwonyesha mathe jinsi ya kuhifadhi insulini bila friji: unaifunga kwenye mfuko, unaiweka ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga mbichi, mbali na jiko. Jirani yetu mmoja alishauri mdogo wangu aende huko. Miaka mitatu unamaliza diploma, unaanza kazi, mathe anapumzika. Haukuwa ushauri wa kijinga, na usiku ule ulikaa mezani pamoja na fomu kwa muda mrefu.

Sababu ni pesa. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasoma historia ama udaktari. Mwaka 2023 mfumo ukabadilika. Kila kozi ikawa na bei yake, na familia zikapangwa kwa makundi kulingana na uwezo. Mwaka 2024 makundi yalikuwa 5: aliye chini kabisa familia ililipa asilimia 5, aliye juu asilimia 40, kilichobaki kilikuwa ufadhili na mkopo wa HELB. Asilimia 5 inasikika kidogo mpaka ukumbuke kwamba udaktari ni kati ya kozi ghali kuliko zote, na ni miaka 6, na mkopo utalipwa. Halafu swali la nani anakuweka kundi gani. Niliona saibani mtoto wa mama anayefua nguo Lavington akipangwa kundi moja na mtoto wa mtu mwenye gari. Akakata rufaa, nikamchapishia karatasi bure.

Na kama hiyo haitoshi, Machi ile madaktari waligoma. Waligoma siku 56, mpaka Mei. Moja ya hoja kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi, yaani wale waliomaliza miaka 6 na lazima wafanye mwaka mmoja hospitalini kabla ya kusajiliwa. Mkataba wa 2017, uliopatikana baada ya mgomo wa siku 100, uliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema inaweza 70,000. Tuliwatazama kwenye simu yangu wakiandamana kwenda Afya House wamevaa makoti. Kila mmoja wao aliwahi kuwa na jioni yake ya soda na majirani, A mkononi kama mdogo wangu. Wengine walikuwa wamekaa nyumbani miezi wakingoja kupangiwa kituo, katika nchi ambayo mathe hupanga foleni saa kumi na moja alfajiri kumwona mtu wa kumpima sukari.

Nilimwuliza kama bado anataka. Akasema swali langu ni la mtu anayeweza kuchagua kutougua.

Nikarudi kwa Howard na Meharry. Mwaka 2010, Fitzhugh Mullan na wenzake huko Marekani walichapisha orodha ya aina nyingine. Hawakuhesabu nukuu wala sifa. Waliangalia wahitimu: wangapi wanatoa huduma za msingi, wangapi wanafanya kazi mahali penye uhaba wa madaktari, na wangapi wanatoka katika jamii zilizokuwa zikifungiwa mlango. Wa kwanza wakawa Morehouse, shule iliyoanzishwa Atlanta mwaka 1975 kwa ajili ya Wamarekani Weusi, kisha Meharry, kisha Howard. Zile mbili zilizoponea chupuchupu mwaka 1910, miaka 100 baadaye zilikuwa kati ya tatu za juu. Shule nyingi zenye majina makubwa ziliteremka hadi chini. Shule hazikuwa zimebadilika usiku mmoja. Swali ndilo lililobadilika.

Na huku kwetu kuna watu wanaojaribu kujenga chuo juu ya swali hilo jipya tangu siku ya kwanza. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, juu milimani mbali na Kigali, kipo Chuo Kikuu cha University of Global Health Equity, kilichoanzishwa na shirika la Paul Farmer, Partners In Health. Walianza kufundisha udaktari mwaka 2019. Wanafunzi wanasomeshwa kwa ufadhili, nao wanaweka ahadi ya kuhudumia watu wasiofikiwa kwa miaka kadhaa. Hakikujengwa kando ya hoteli za mji mkuu, kilijengwa kando ya hospitali ya wilaya. Farmer alifia hukohuko Butaro mwaka 2022, akiwa bado anafundisha.

Kwa hivyo siku hizi mzazi akivuta stuli, orodha ya dunia namwonyesha, maana ana haki ya kuiona. Kisha namwuliza mtoto mambo ambayo orodha haiulizi. Chuo hiki kinakutoa nje ya wodi mwaka wa ngapi? Wagonjwa wake ni akina nani, na wanafunzi wanaongea nao kwa lugha gani? Waliomaliza miaka mitano iliyopita sasa wako wapi, Kibera, Turkana, ama London? Mtoto wa mtu kama wewe akiingia, humaliza? Wengine huona ninawapotezea muda. Wengine huniomba nikae nao tutafute, na saa inaenda, na mwenye saiba ananitazama.

Mdogo wangu aliandika Moi kwenye 1a na Nairobi kwenye 1b. Alipata 1a. Mathe hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu alimnunulia blanketi zito pale Toi, la mitumba ya Uingereza, kwa sababu Eldoret ni baridi, na akaanza kumsimulia kila mteja kwamba mtoto wake anaenda kusomea magonjwa ambayo hayajapanda matatu. Maneno yale sasa ameyafanya yake.

Nimepiga hesabu. Aliingia mwaka 2024. Miaka 6, halafu mwaka mmoja wa uanagenzi ikiwa atapangiwa kituo kwa wakati, inakuwa 2031. Tabibu wa chungu cha udongo atakuwa amezeeka kidogo. Jiko litakuwa bado liko juu ya meza. Kama kutakuwa na kazi ya serikali inayomngoja Kibera ama Kawangware, ama atalazimika kubeba cheti chake kupeleka kwa watu wanaolipa vizuri ng'ambo, hilo haliamuliwi na chuo peke yake, hata kiwe bora namna gani.

Wiki iliyopita alipiga simu, akataka kuongea na mathe, si mimi. Kikundi chao kilikuwa kimepewa kisa cha mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Wenzake wameanza na damu, mishipa na viua vijasumu. Yeye alitaka kujua kitu kimoja tu kabla hajarudi mezani. "Mama, lile jiko la zamani lilikuwa umbali gani na mguu wako?"

Mathe aliweka mwiko chini, akapima kwa mkono.